Kwa wanaoanza kuchunguza utando wa viungo: baridi yabisi na osteoathritisi

Anayeanza kazi katika maabara ya magonjwa ya viungo hukabidhiwa mapema sampuli za aina mbili: utando wa ndani wa kiungo cha mgonjwa wa baridi yabisi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo), na ule wa mgonjwa wa osteoathritisi (ugonjwa wa kuchakaa kwa kiungo). Wengi huichukulia sampuli ya pili kana kwamba imetoka kwa mtu mwenye afya, kwa kuwa ndiyo inayopatikana kwa urahisi wakati wa upasuaji wa kubadilisha goti. Ninawasihi muiache dhana hiyo tangu siku ya kwanza. Osteoathritisi nayo ni ugonjwa, na seli za utando wake zimekwisha kubadilika. Kwa hiyo mnalinganisha magonjwa mawili, wala si ugonjwa na uzima.

Katika kiungo chenye afya, tabaka la juu la utando huwa na unene wa seli moja hadi tatu tu. Humo mna makrofaji, ambazo husafisha mabaki, na fibroblasti, ambazo hutengeneza asidi ya hayaluroniki na lubrisini za kulainisha gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa. Fibroblasti hizo hushikamana kwa protini iitwayo kadherini-11.

Katika baridi yabisi tabaka hilo huweza kufikia unene wa seli kumi au zaidi, na chini yake hujaa limfosaiti, yaani seli za kinga, ambazo kwa baadhi ya wagonjwa hujipanga katika vikundi vinavyofanana na tezi ndogo. Hata hivyo, unene si jambo la kutisha kuliko yote. Linalotisha ni tabia ya fibroblasti zenyewe: hazifi kwa urahisi, hutoa kwa wingi IL-6, protini inayochochea uvimbe, humwaga vimeng'enya kama MMP-1 na MMP-3 vinavyokula gegedu, na kupitia protini ya ishara iitwayo RANKL huchochea seli zinazobomoa mfupa. Mwaka 1996 watafiti walipandikiza fibroblasti za wagonjwa pamoja na vipande vya gegedu ya binadamu katika panya wasio na kinga kamili. Seli za baridi yabisi zikaivamia gegedu ingawa hapakuwa na limfosaiti za kuzichochea, ilhali zile za osteoathritisi hazikuivamia kwa kiwango hicho. Ninapenda kila mgeni aanze na jaribio hili, kwa sababu linaonyesha kwamba seli hubeba ukali wake hata baada ya kuondolewa katika mazingira yaliyoulea. Sehemu ya maelezo imo katika alama za methili zilizo juu ya DNA, yaani vibandiko vidogo vya kikemikali vinavyoathiri utendaji wa jeni, ambazo mpangilio wake hutofautiana kati ya magonjwa haya mawili.

Osteoathritisi huenda kwa njia nyingine. Kuvimba kwa utando huwa kwa mabaka, mara nyingi karibu na ukingo wa gegedu, na huchochewa zaidi na vipande vilivyomeguka, ambavyo makrofaji huvipokea kama ishara ya hatari na kujibu kwa IL-1 na TNF, protini nyingine zinazochochea uvimbe. Utando hupata makovu na kukaza kiungo. Kwenye kipimo cha alama 0 hadi 9 kinachojumlisha unene wa tabaka, msongamano wa tishu na wingi wa seli za kinga, sampuli nyingi za osteoathritisi hubaki katika alama 4 au chini, na nyingi za baridi yabisi huvuka hapo. Lakini makundi hayo huingiliana, na mtakutana na goti la osteoathritisi lililovimba kuliko mlivyotarajia.

Jambo ambalo kwa maoni yangu linastahili muda wenu mwingi zaidi ni mahali seli ilipokaa. Kazi zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha, kwa panya, kwamba fibroblasti za tabaka la juu zisizo na THY1 (protini ya juu ya seli inayotumika kuzitambua) ndizo zinazoharibu mfupa na gegedu, na zile za chini zenye THY1 ndizo zinazokoleza uvimbe. Kwa binadamu, fibroblasti za chini zenye THY1 na nyingi ya HLA-DR (protini inayoonyesha vipande vya protini kwa seli za kinga) zilizidi katika baridi yabisi iliyojaa seli za kinga, wakati fibroblasti za tabaka la juu zilikuwa na sehemu kubwa zaidi katika osteoathritisi. Kwa hiyo mkisaga kipande kizima cha utando na kuona jeni fulani imepanda, huenda hakuna seli hata moja iliyobadili tabia yake. Huenda ni uwiano wa seli tu uliobadilika.

Kuotesha seli kunaongeza ugumu. Baada ya kuhamishwa chomboni mara tatu au nne makrofaji huwa zimetoweka, na fibroblasti zinazobaki hupoteza baadhi ya alama za mahali zilipotoka. Mkiongeza TNF, seli za osteoathritisi nazo hutoa IL-6 na vimeng'enya, na tofauti mliyoitafuta huweza kufifia. Pimeni basi kabla ya kuchochea na baada yake. Linganisheni goti na goti, kwa maana fibroblasti za mkononi na za gotini hutofautiana hata kwa mgonjwa mmoja. Na katika kila lebo andikeni kiungo, dawa alizokuwa akitumia mgonjwa, hasa methotreksati na vizuizi vya TNF, pamoja na idadi ya mara ambazo seli zimehamishwa.