Kabla ya kuchagua fremuweki ya majaribio, lifelishe jaribio moja

Mara ya kwanza kuweka majaribio ya kiotomatiki kwenye mradi, niliingia kwa mbwembwe. Nilichagua fremuweki, yaani zana ya kuandika na kuendesha majaribio, iliyotumia sentensi za kawaida, "mtumiaji akibofya hapa, aone kile", nikiamini meneja na watu wa mauzo watayasoma. Hawakuyasoma hata siku moja. Nikabaki peke yangu, kila sentensi nikiiandikia msimbo wa kuitafsiri. Miezi michache baadaye nusu ya majaribio yalikuwa mekundu, yaani yanafeli, na hakuna aliyejali, mimi nikiwemo.

Siku hizi naanza na kilichokuja na lugha yenyewe. Go ina go test, Rust ina cargo test, na Node.js, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, nayo ina kiendesha majaribio chake, kilichotangazwa kuwa thabiti kwenye toleo la 20, mwaka 2023. Husakinishi kitu. Ukikwama ndipo utafute cha nje.

Kwenye Python naivunja kanuni hiyo. Unittest, zana yake ya majaribio, imo ndani tangu toleo la 2.1, mwaka 2001, ila imerithi sura ya JUnit, fremuweki ya Java: uunde klasi, kisha ukumbuke amri za kulinganisha kama assertEqual, assertIn na ndugu zake wote. Pytest, ambayo ni ya kusakinisha, inaridhika na funkisheni ambayo jina lake linaanza na test_, ndani yake assert, amri ya Python ya kudai kwamba jambo fulani ni kweli. Ufupi huo unapendeza, lakini kilichonivuta ni namna inavyofeli.

Majaribio yakipita, fremuweki zote hufanana. Kwa hiyo andika jaribio dogo la kulinganisha kamusi mbili (dict, yaani jozi za ufunguo na thamani), uzitofautishe makusudi kwa ufunguo mmoja, kisha uusome ujumbe wa kosa bila kurudi kwenye msimbo. Je, umejua ni ufunguo upi na mstari upi? Assert ya Python ikiachwa hivihivi hukuonyesha mstari na neno AssertionError, basi. Pytest huiandika upya kabla ya kuiendesha, ndiyo maana inaweza kukuonyesha thamani za pande zote mbili.

Kisha hamisha faili za majaribio, uendeshe amri tena. Hili nililipia: kwenye mradi mmoja tulibadilisha jina la folda, na zana tuliyokuwa nayo ikaendelea kutoa kijani, ishara ya kupita, wiki nzima huku haijaendesha jaribio hata moja! Pytest isipokuta majaribio humaliza kwa namba 5 badala ya 0 ya mafanikio, na seva inayojenga programu yako itasimama hapohapo.

Majaribio ya kivinjari, kwa zana za kukiendesha kama Selenium au Playwright, yawe machache. Ni ya polepole, na mengine hufeli leo yakapita kesho bila mtu kugusa kitu.

Na kama tayari una majaribio ya unittest, usiyafute. Pytest huyaendesha mengi yake yalivyo, kwa hiyo unaweza kuhamia leo na mapya tu ndiyo uyaandike kwa mtindo mpya.