Kukumbuka Bango na Kuacha Sigara

Swali: Huu ni mwezi wa tatu tangu tubandike mabango ya kuhimiza watu waache sigara wilayani kwetu. Wavutaji wengi tuliowahoji wanayakumbuka na kuyasifu. Je, ripoti iseme kwamba ujumbe umefanikiwa?

Jibu: Ndugu ofisa afya, msiandike hivyo bado. Mlichothibitisha ni kwamba mabango yameonekana na kupendeza, na mtu anaweza kulisifu bango huku sigara i vidoleni. Kinachopaswa kupimwa ni jaribio la kuacha, nalo huulizwa kwa swali lenye mipaka: "Katika miezi mitatu iliyopita, je, ulikaa siku nzima au zaidi bila kuvuta kwa sababu ulikuwa ukijaribu kuacha?"

Hata hilo halitoshi likisimama peke yake, kwa kuwa bei ya sigara ikipanda, au mwezi wa Ramadhani ukiingia, wapo watakaojaribu kuacha pasipo bango lolote. Ndiyo maana nauthamini sana utafiti uliofanywa Marekani mwaka 2013, wakati CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, iliporusha katika televisheni matangazo ambamo watu waliowahi kuvuta walisimulia maradhi yao wenyewe. Maeneo ya kupata matangazo mengi zaidi yalichaguliwa kwa bahati nasibu, na humo asilimia 38.8 ya wavutaji walijaribu kuacha, ilhali kwingineko walikuwa asilimia 34.9. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa sababu ya bahati nasibu ile ni vigumu kuihusisha na kitu kingine.

Mbele ya ofisa wa afya, wapo pia wanaosema "nimeacha" kwa kumstahi mgeni tu. Kifaa cha kupuliza kinachopima kaboni monoksidi, gesi iliyomo katika moshi wa sigara, husaidia, ingawa hugundua uvutaji wa takriban siku moja iliyopita. Kotinini, kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na nikotini ya sigara, hudumu katika mate siku kadhaa. Aliyeacha kweli ahesabiwe baada ya miezi sita, maana wengi hurudia katika wiki za mwanzo.

Naomba pia mlitazame bango lenyewe. Picha ya pafu lililoharibika, isiyo na namba ya simu wala jina la kliniki, humtia mtu hofu bila kumwonyesha pa kwenda, naye hugeuza uso.

Katika awamu ijayo, wahojini wavutaji wa kata zote kabla ya kubandika chochote, chagueni kwa bahati nasibu kata zitakazotangulia, kisha warudieni watu walewale, wakiwamo wa kata zinazosubiri.