Maswali ya Wasomaji: Hoja ya makato ya kahawa tuipeleke kwa nani?

Mei mwaka jana AMCOS yetu (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) iliiandikia Bodi ya Kahawa kuomba ushuru wa halmashauri upunguzwe. Mpaka leo kimya. Tumekosea wapi? (Mjumbe wa bodi ya AMCOS, Kibosho)

Mmekosea mlango, na mmekosea msimu. Ushuru huo, yaani ushuru wa mazao, hauko mikononi mwa Bodi ya Kahawa. Umo katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, na kiwango chake hubadilishwa na Bunge. Ndivyo kilivyoshuka mwaka 2017, kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara. Bodi haiwezi kugusa kifungu hicho hata ikikubaliana nanyi neno kwa neno.

Kabla ya kuandika barua nyingine, chukueni mjengeko wa bei wa msimu uliopita, yaani orodha ya makato yote kutoka bei ya kuuzia hadi anayopata mkulima, mpite mstari kwa mstari mkiuliza: hili kaliweka nani? Ushuru wa halmashauri ni Bunge. Leseni na taratibu za biashara zinatokana na Sheria ya Tasnia ya Kahawa ya 2001 na kanuni zake, na kanuni husainiwa na Waziri wa Kilimo. Kukoboa na usafiri ni mkataba wenu na kiwanda au mwenye lori. Posho, ulinzi na ujenzi wa ghala mliyapitisha wenyewe kwenye makisio, mkutano mkuu ukanyoosha mikono. Anzeni na hayo ya mwisho. Hayahitaji nauli ya Dodoma, na ofisa yeyote mtakayemfikia atawauliza kwanza: ninyi wenyewe mnamkata mkulima kiasi gani?

Kuhusu msimu: mwaka wa fedha huanza Julai 1 na Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili. Mapendekezo ya kodi huwa yamekusanywa na Wizara ya Fedha miezi kadhaa kabla ya hapo. Barua ya Mei inakuta hesabu zimeshafungwa. Hoja ipite kwenye mkutano mkuu kufikia Oktoba, na iwe mezani kwa mbunge na chama kikuu (muungano wa AMCOS) kabla ya Desemba kwisha.

Kuna jambo vyama vingi hulipita bila kuliona. Sheria inamtwika mnunuzi ushuru huo, na hukokotolewa kwa bei ya shambani. Kagueni wenu umekokotolewa kwa bei ipi. Mfano: kilo 1,000 za maganda (kahawa iliyomenywa na kukaushwa, bado haijakobolewa) zikikobolewa hutoa takriban kilo 800 za kahawa safi. Mnada wa kahawa wa Moshi hutaja bei kwa dola kwa kila kilo 50, kwa hiyo hapo kuna mafungu 16. Tuseme kila fungu ni dola 250, jumla dola 4,000. Asilimia 3 ya hizo ni dola 120. Lakini kama usafiri, ukoboaji na ghala vimekula dola 600, bei ya shambani ni dola 3,400 na ushuru ni dola 102. Tofauti ni dola 18 kwa kila tani ya maganda. AMCOS yenye tani 40 inazungumzia dola 720. Hapo hamuombi sheria ibadilishwe, mnaomba ifuatwe, na hilo lina majibu halmashauri, kwa diwani na mweka hazina.

Tulimweleza ofisa mmoja kwamba gharama za kilimo zimepanda. Akauliza zimepanda kwa kiasi gani, tukabaki tunatazamana. Tuandae nini? (Katibu, Usa River)

Andaeni daftari. Tangu Serikali ilipoagiza mwaka 2018 kahawa ya wakulima wadogo ipitie ushirika, AMCOS ndiyo yenye rekodi ambazo wengine wote wanazitafuta. Chagueni kaya 30: kumi ukanda wa juu, kumi wa kati, kumi wa chini. Kila kaya iandike kwa msimu mzima idadi ya mibuni, siku za palizi na kupogoa, dawa za chulebuni (ugonjwa wa matunda ya mbuni) na kutu ya majani, vibarua wa kuchuma, na kilo zilizofika mizanini.

Makosa matatu huharibu kazi hii. La kwanza ni kuchanganya cheri (tunda bichi la kahawa) na maganda. Kilo 5 hivi za cheri hutoa kilo 1 ya maganda. Ukigawa gharama kwa kilo za cheri kisha ukalinganisha na bei ya maganda, unajionyesha kuwa unazalisha kwa moja ya tano ya gharama halisi, na hoja inakufa hapohapo. La pili ni kuacha kazi ya familia bila thamani; iandikeni kwa bei ya kibarua wa kijijini kwenu. La tatu ni unyevu. Maganda yaliyopimwa yakiwa na unyevu wa asilimia 12, yakiendelea kukauka hadi 10, kilo 1,000 zinakuwa 978. Kilo 22 zimekwenda na hewa. Tumeona malalamiko mazuri yakizama kwa sababu upungufu wa namna hii uliitwa wizi, mkutano ukageuka ugomvi na meneja.

Mwisho, karatasi moja tu: ombi moja, kifungu kinachohusika, hesabu, na muhtasari wa mkutano mkuu wenye sahihi. Mkiweka maombi kumi mtajibiwa lile jepesi.

Twende wenyewe, kupitia chama kikuu, au MVIWATA? (Mkulima, Rombo)

Inategemea hoja. Wakulima wa mlimani walianza kusemea kahawa yao kwa pamoja mwaka 1925 kupitia KNPA, chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, kabla ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha huko, kuzaliwa mwaka 1933, na mpaka leo masuala ya zao lenyewe, kama mnada, madaraja na malipo, husikika vizuri zaidi yakipitia ushirika, hasa kwenye mkutano wa mwaka wa wadau wa kahawa. MVIWATA, iliyoanza 1993, ni mtandao wa vikundi vya wakulima wa kila zao. Ipelekeeni hoja za ushuru, ardhi na pembejeo, maana hapo mtasimama pamoja na wa mahindi na wa ndizi.

Ila kama makato mnayoyalalamikia yanafanywa na chama kikuu chenyewe, msikifanye mjumbe wenu. Yapelekeni kwa Mrajis Msaidizi (msajili wa vyama vya ushirika) wa mkoa, mkitaja Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013. Popote mnapokwenda, tumeni watu wawili wenye barua ya mkutano mkuu, warudi na taarifa ya maandishi ndani ya siku 14.

Shikamoo mhariri. Ninachuma, ninamenya na kukausha, lakini mwanachama ni mume wangu. Kwenye mkutano sina kura. Nifanyeje? (Mama, Marangu)

Marahaba. Tazama kifungu cha sifa za uanachama katika masharti ya AMCOS yenu. Kikisema mwanachama lazima awe mmiliki wa shamba, kimewafungia nje wanawake wengi wa Uchagani, kwa kuwa kihamba, yaani shamba la ukoo, kwa mila hurithiwa na wana wa kiume. Pendekezeni kisomeke “anayemiliki au anayetunza na kuuza kahawa”. Liandikeni mkiwa kikundi, lifike kwa bodi mapema ili liingie kwenye ajenda, lipigiwe kura, kisha lipelekwe kwa Mrajis. Kabla Mrajis hajasajili, mabadiliko hayana nguvu, na hapa ndipo mengi hulala: muhtasari unabaki kabatini. Dai nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hili si dogo. Hoja za dawa, maji ya kumenyea na vichanja hazifiki mbali ikiwa anayezijua hana kura.

Wanunuzi wanataka ramani za mashamba kwa ajili ya soko la Ulaya. Nani alipie? (Meneja, Karatu)

Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka ithibitishwe kuwa kahawa haikutoka kwenye msitu uliokatwa baada ya Desemba 31, 2020. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha nukta moja ya mahali lilipo. Kubwa zaidi linahitaji mipaka yote. Kwa mashamba madogo, kijana mwenye simu ya GPS anaweza kufanya kazi hiyo. Gharama ziandikwe kwenye mkataba na mnunuzi, au zionekane kwa mstari wake kwenye mjengeko wa bei, na nakala ya orodha nzima ibaki ofisini kwenu.