Figo ilitolewa zamani, saratani yatokea kwengine

Babangu alitolewa figo miaka 12 iliyopita kwa saratani. Juzi kapigwa picha ya tumbo, wameona vivimbe kwenye kongosho. Ni saratani mpya? (Kisauni)

Huenda ni ile ile, mwanangu. Saratani ya figo ina subira. Hurudi hata baada ya miaka 10 au 20, na kongosho ni mojawapo ya mahali inapozukia ikiwa imechelewa hivyo. Njia yake ya kawaida ni mapafu, mifupa, ini na ubongo, lakini nyengine huenda kwenye tezi ya shingo, ngozi ya kichwa, hata ndani ya pua, mtu akatoka damu isiyokatika kwa kuwa vivimbe vyake vimejaa mishipa ya damu.

Nakusihi, baba asianzishiwe matibabu ya saratani ya kongosho kabla hakijakatwa kinyama kikapimwa maabara, na daktari aambiwe habari za lile figo. Iliyoanzia kongosho ni kali mno. Iliyotoka kwenye figo mara nyingi hukua polepole, na wapo wanaoishi nayo miaka. Vivimbe vikiwa vichache huweza kukatwa. Pengine huangaliwa tu kwa skani za mara kwa mara.

Ami yangu ameambiwa uvimbe wa figo umepanda ndani ya mshipa hadi karibu na moyo. Apasuliwa kweli? (Likoni)

Apasuliwa. Uvimbe huu hupenya mshipa wa figo, ukaingia ule mkubwa unaorudisha damu moyoni, ukapanda kama mzizi ndani ya bomba. Ikiwa haujasambaa mbali, upasuaji ndio wenye tumaini. Ukishafika moyoni, daktari wa njia ya mkojo hawezi peke yake: lazima awepo na wa moyo. Ombeni barua ya rufaa Hospitali Kuu ya Pwani bila kungoja.

Mamangu ana saratani ya figo. Mbona hapewi kemo, zile dawa za kuua seli za saratani? (Mji wa Kale)

Kemo haifui dafu kwa saratani hii. Hutumika vidonge vinavyobana mishipa inayolisha uvimbe, kama sunitinibu, iliyoidhinishwa Marekani 2006, na dripu za kuamsha kinga ya mwili, kama nivolumabu (2015). Ni ghali, na hilo laniuma. Ulizeni gharama ya miezi yote kabla ya kuanza, dawa isije ikakatika katikati.

Nina miaka 50. Mishipa ya korodani ya kushoto imevimba ghafla, hata nikilala hainywei. (Changamwe)

Kapigwe ultrasaundi ya figo wiki hii, kaka. Damu ya korodani hiyo hupitia mshipa wa figo la kushoto. Ukizibwa na uvimbe, damu hurudi chini. Huenda isiwe saratani, lakini usione haya kumweleza daktari.