Nyusi za kudumu: muulize aliyekaa nazo mwaka mzima

Juzi usiku, saa nne na kitu, nimeshamlaza mwanangu, ukaingia ujumbe wa binti wa Muheza ambaye husoma ninayoandika. "Shikamoo dada. Naomba namba ya mtu wa nyusi za kudumu hapo Tanga, mwenye bei nzuri. Harusi yangu Ijumaa ya wiki ijayo, nataka niamke nazo tu." Nyusi za kudumu ndizo zile za kuchanjwa kwa wino kwenye ngozi. Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Sikumjibu usiku ule, maana kila nilichoanza kuandika kilitoka na hasira, na hasira zenyewe hazikuwa zake.

Mimi kazi yangu ni kupamba maharusi. Nimeanza 2014, nikiwa na sanduku moja na kioo cha kuazima, na leo nimepamba Ngamiani, Makorora, Chumbageni, Sahare, hadi Pangani nimepelekwa na gari la watu. Najua fundesheni ipi itastahimili joto la Februari na ipi itamwacha bibi harusi ana michirizi kabla hajatoka ukumbini. Nayasema haya ili ujue kwamba aliyeharibiwa nyusi hakuwa mtu asiyejua nyusi. Ni mimi, mwenye macho ya kazi hii, nilijilaza mwenyewe kitandani na kufumba macho.

Nyusi zangu nilizimaliza kwa kutinda. Nimeanza kidato cha tatu, kwa wembe, kila Jumamosi, tukitindana na wenzangu nyuma ya nyumba. Ukitinda miaka kumi na tano vinyweleo vinachoka, vingine havirudi tena. Nikawa mtu wa wanja wa penseli kila alfajiri. Na joto la Tanga unalijua: unatoka nyumbani nyusi ziko sawa, ukifika soko la Mgandini na kuzunguka saa moja, upande mmoja umeshakwenda na leso. Basi nilipoona picha za watu wameamka na nyusi zao zimekaa, hata kitanda hawajatandika, nilitamani. Kutamani si kosa, na sikulaumu wewe unayetamani.

Ilikuwa 2021. Mpambaji mmoja alikuja kutoka mji mkubwa kwa siku mbili tu, akachukua chumba cha nyuma cha saluni. Bei ilikuwa nusu ya nilizokuwa nazisikia. Picha alizonionyesha zilikuwa safi: nyusi nyeusi, mistari imekaa kama vinyweleo vya kweli, ngozi ya pembeni ina wekundu kidogo. Huo wekundu ungetakiwa unishtue. Ngozi yenye wekundu ni ya dakika ile ile, mtu hajainuka kitandani. Hakuna hata picha moja ya mtu aliyepona. Sikuiomba, naye hakunipa.

Nilijilaza, akanichora kwa penseli nikiwa chali. Mdogo wangu, hapa naomba usikilize vizuri. Uso wa mtu aliyelala si uso wa mtu aliyekaa. Ukilala, mashavu yanakwenda upande wa masikio, paji linalegea, nyusi zinahama. Anayejua kazi anakukalisha wima, anapima kwa uzi uliopakwa rangi kutoka puani kwenda kwenye kona ya jicho, anakupa kioo, anakuuliza, anafuta, anapima tena. Wengine upimaji peke yake unawachukua nusu saa. Mimi nilipimwa kwa macho, dakika tano.

Akapaka dawa ya ganzi, tukasubiri, kisha akaanza. Kile kifaa ni kama kalamu, mbele kina sindano nyembamba zimepangwa mstari mmoja kama wembe. Kinachana ngozi, wino unaingia kwenye mchano. Mlio wake naukumbuka mpaka leo: kama mtu anachana kitambaa chepesi, taratibu, karibu kabisa na sikio. Wino ulikuwa kwenye kifuniko cha chupa ya maji. Sikuona akifungua pakiti ya sindano. Nilikuta kifaa kimeshawekwa mezani juu ya tishu, nikajiambia bila shaka ni kipya. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado vikaambukiza, na mimi, mama mwenye mtoto anayenyonya, nikajiambia bila shaka ni kipya. Nilipima baadaye nikakutwa salama, alhamdulillah. Ile miezi ya kusubiri kupima sitaki hata kuielezea.

Hakuniuliza kama nanyonyesha. Hakuniuliza kitu chochote isipokuwa hela.

Siku tatu za kwanza nyusi zilikuwa nyeusi ti, nikapiga picha, nikaweka kwenye hali ya simu, watu wakanisifia. Siku ya tano ukoko ukaanza. Siku ya saba upande wa kushoto ukawa na usaha. Nilikuwa nimeshafanya kazi mbili, jikoni na ukumbini, jasho linaingia kwenye vidonda, na nilipaka mafuta ya nazi kwa sababu kwetu mafuta ya nazi ni dawa ya kila kitu. Kile ni kidonda, jamani. Kinataka usafi, ukavu, na mafuta kidogo sana uliyoelekezwa na aliyekuchora. Jua usiende, jasho ulikwepe, na Raskazone kuogelea uache wiki mbili tatu. Ukoko usiubandue, unaondoka na wino wake. Sikuambiwa hata kimoja.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: kati ya wiki ya pili na ya tatu nyusi hufifia mpaka ukadhani umeibiwa, halafu rangi inapanda tena kuelekea wiki ya sita, ngozi ya juu ikishajijenga upya. Ndiyo maana mtu wa kweli anakurudisha baada ya wiki sita hadi nane kurekebisha palipokosa. Aliyekuja kwa siku mbili atakurekebishia wapi?

Zangu zilipopona zilikuwa zimeshikana. Ngozi yangu ina mafuta, na ngozi ya mafuta haishiki ile mistari myembamba, inatawanya wino. Kwa sisi wa aina hiyo ni afadhali zile za mashine, zinazodonolewa nukta nukta mpaka zikafanana na nyusi zilizopakwa unga. Tena alikuwa amechana kwenda chini mno. Wino mweusi ukikaa chini sana, ngozi inauonyesha kama buluu, vile vile unavyoiona mishipa ya damu mkononi. Mwaka ulipotimia nilikuwa na mikanda miwili ya rangi ya wino wa kalamu, wa kushoto uko juu kuliko wa kulia. Mtu niliyetaka kupumzika na wanja wa asubuhi, nikawa siwezi kufungua mlango sijapaka fundesheni mara mbili kuficha, kisha wanja juu yake.

Yupo mama mmoja, sitamtaja, nilikwenda kwake kuzungumzia harusi ya binti yake. Siku hiyo nilikuwa nimetembea juani, fundesheni na wanja vimeshayeyuka. Nilikunywa chai yake, tukaelewana siku, tukaelewana bei. Nikiwa navaa viatu barazani nikamsikia ndani anamwambia dada yake, "Huyu ndiye wa kumpamba mwanangu? Mwenyewe uso umemshinda." Kazi ile sikuipata. Sijamwambia mtu maneno hayo mpaka leo nayaandika hapa. Bado yananichoma, na nikikutana naye namwamkia shikamoo kama kawaida.

Mama yangu yeye alikuwa ameshasema kabla. "Mwili ni amana, mwanangu. Usichanje uso." Wapo wenye msimamo wa dini kuhusu kuchanja wino na kutinda, na kwetu Tanga ni suala zito. Mimi si wa kutoa fatwa. Ninachokwambia ni kwamba ukamuulize shehe wako au mchungaji wako kabla, usije ukaanza kutafuta majibu na uso umeshachorwa.

Kuziondoa ndiko kulikonifundisha. Nilikwenda Dar es Salaam kwa daktari wa ngozi. Safari ya kilomita zaidi ya mia tatu, Segera, Chalinze, mtoto mapajani. Yule daktari aliuliza mengi kabla hajanigusa. Una mimba, unanyonyesha? Una kisukari? Unatumia dawa za kuyeyusha damu, aspirini? Umewahi kumeza dawa kali za chunusi za isotretinoini? Unapaka krimu za kung'arisha? Hapo wa mkorogo msikie: ngozi iliyochubuliwa na mkorogo inakuwa nyembamba, inatoka damu haraka, inapona vibaya. Mtu anaetumia mkorogo hafai kuchorwa nyusi mpaka ngozi irudi. Halafu akanishika sikio akaangalia matobo ya hereni, akanikunja mkono wa gauni akaangalia alama ya chanjo ya kifua kikuu. Alikuwa anatafuta makovu yanayovimba, keloidi, ambayo sisi watu weusi tunayapata zaidi. Kipimo hicho ni bure na unaweza kujifanyia leo mbele ya kioo. Kama tobo la sikio lilikuvimbia, nyusi za kuchana si zako, hata wakupe bure.

Akaanza kwa nukta moja ndogo, akaniambia nirudi baada ya wiki kadhaa tuone, kwa sababu baadhi ya wino, hasa wenye madini ya chuma au rangi nyeupe ndani yake, ukipigwa leza, ule mwanga mkali wa kuvunja wino, unageuka mweusi badala ya kufifia. Na kwa ngozi yetu leza haitumiki yoyote tu. Inayofaa zaidi ni ile ambayo mwanga wake ni wa nanomita 1064, maana haishambulii sana rangi ya ngozi yenyewe. Uliza hivyo hivyo kwa namba, usione haya. Kila pigo linauma kama mafuta ya moto yamekurukia, panakuwa peupe dakika chache, kuna harufu ya nywele zilizoungua. Nimekwenda mara tano, kila mara miezi miwili katikati. Ukijumlisha nauli na malazi, nimelipa zaidi ya mara kumi ya bei ile niliyoiona nafuu. Mwezi uliopita amenipa kioo akasema tumemaliza. Nililia pale pale, na sioni aibu kusema.

Kwa hiyo wanaonipigia kuuliza, jibu langu ni hili moja. Usiangalie picha ya siku ile. Omba kuonana, kwa macho yako, na mtu aliyechorwa na huyo huyo, mwenye ngozi kama yako, aliyekaa nazo mwaka. Kama hayupo, ondoka. Kama anakasirika ukiomba, ondoka haraka zaidi. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako, glavu mpya, wino kwenye kikombe cha kutupwa. Wino ujaribiwe kwanza nyuma ya sikio, usubiri siku mbili. Wapambaji wenzangu tunaojua piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono, tunaelewa: nimeona mikono ya bibi harusi imeumuka malengelenge usiku wa kuamkia ndoa kwa sababu hakuna aliyejaribu kidogo kwanza. Mkono unafunikwa na glavu za harusi. Uso utaufunika na nini?

Wanaotaka kuchorwa midomo nao, kama huwa unatoka vile vipele vya maji vya homa pembeni ya mdomo, mwone daktari kwanza akupe dawa ya kuvizuia, la sivyo sindano itaviamsha mdomo mzima. Na yeyote mwenye tatuu ya uso akienda kupigwa MRI, ile mashine ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili, amwambie mhudumu, kwani wino wenye madini ya chuma unaweza kupata joto au kuwasha.

Tuna tabia moja wanawake wa pwani, nami nimo. Tunakagua kitenge kwa kukifumba mkononi, kukivuta, kukinusa, kukigeuza nyuma tuone kama rangi imepenya. Muuzaji tunamchosha. Uso tunautoa kwa picha mbili za simu. Kagua. Mchoshe huyo mchoraji kwa maswali. Huna deni naye.

Yule binti nilimjibu asubuhi. Nilimwambia Ijumaa ijayo atakuwa katikati ya ukoko, picha zote za ndoa yake zitatoka hivyo, na kama bado anazitaka afanye baada ya fungate, kwa nafasi, akiwa na miezi miwili mitatu mbele yake isiyo na shughuli. Akasema dada, sasa harusini nitakwendaje, sina nyusi kabisa. Nimemwambia aje kwangu Alhamisi alasiri, sitamtoza ya nyusi. Nitamchora kwa wanja na poda isiyotoka kwa maji, unywele mmoja mmoja, amekaa wima dirishani. Na kuanzia leo mpaka siku hiyo asitinde hata kidogo.