Fundi Anajibu: Tu-stroki Inashikaje Kwenye Baridi Yote Hiyo?

SWALI: Kaka fundi, jambo sana. Mi mtoto wa Bukavu, sasa niko Boise, Idaho, natengeneza mashine za kukata majani kwenye gereji moja hapa. Mwaka jana nilinunua pikipiki ya Honda CR500 ya 1995, tu-stroki ile inayochanganyiwa oili ndani ya petroli, ikiwa vipande vipande ndani ya maboksi matatu, nikaisuka moteri upya kwa mkono wangu (kwetu injini ni moteri, nivumilie), nikaweka pistoni mpya ya kufuliwa (ya chuma cha kugandamizwa, si cha kumiminwa), kisha nikaivalisha mkanda wa kukanyaga theluji nyuma na ski mbele, badala ya tairi. Kiangazi, kabla ya mkanda, niliijaribu na tairi zake hapa Boise, joto nyuzi 35, ilikuwa inatoka kama risasi. Januari nikaipeleka milimani McCall, baridi nyuzi 20 chini ya sifuri. Kupanda ikapanda vizuri, nikashuka bonde refu nimefunga mafuta kabisa, kufika chini nikafungulia yote nipande mlima wa pili. Haikufika hata mita hamsini ikashika, yani pistoni ikang'ang'ania ndani ya silinda, mkanda ukagoma ghafla, mimi nikapitia juu ya usukani. Washkaji wanasema oili ilikuwa ndogo, nilichanganya oili moja kwa petroli 40. Jeti kubwa (kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta, namba ikipanda tundu linakua) ni 170, ile ile ya kiangazi. Nimeifungua, pistoni ina mikwaruzo ubavuni mahali pane, lakini juu kichwani iko safi kabisa. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na shukuru ulidondokea kwenye theluji, ingekuwa lami sa hivi tungekuwa tunaongea mambo mengine.

Sasa waambie washkaji wapunguze kuisingizia oili, maana jibu umeliandika mwenyewe hapo mwisho. Mikwaruzo mahali pane, kichwani safi. Injini ikiuliwa na petroli ndogo pistoni inaliwa juu, hasa upande wa eksozi, unakuta kingo imeyeyuka kama mshumaa au kuna tundu katikati kabisa. Yako huko juu haina hata kovu. Mikwaruzo minne ubavuni ni alama ya pistoni iliyovimba ndani ya silinda ya baridi, na inakwaruza pale pane kwa sababu karibu na pini ndo kuna nyama nyingi, kwa iyo ndo panapovimba zaidi.

Iko hivi. Pistoni ni alumini na inapokea moto moja kwa moja kichwani, yenyewe inatanuka haraka. Silinda imezungukwa na maji. We umeshuka bonde refu, injini haina kazi yoyote, rejeta zote mbili zimejaa theluji, na CR500 haina thamostati kutoka kiwandani, ile valvu inayozuia maji kwenda rejeta mpaka yapate joto, yani maji yanazunguka tu muda wote yapende yasipende. Mpaka unafika chini silinda imepoa. Halafu unafungulia yote, cc 491 zote za injini zinaanza kufanya kazi kwa pamoja, pistoni inapata moto ndani ya sekunde chache huku silinda bado inaogeshwa maji ya baridi na haijatanuka. Ile nafasi kati yao ni kama unene wa unywele tu, ikiisha ndo hivyo, inashika. Na pistoni ya kufuliwa inatanuka kuliko ya kumiminwa, nzuri kwa nguvu lakini haina subira na mtu mwenye haraka.

Mi mwenyewe nilishaua moja hivi hivi baridi yangu ya kwanza Alberta, Kanada, tena nikaenda kuwafokea jamaa walionifungia injini, nikasema wamenipimia pistoni vibaya. Mzee mmoja pale akaichukua ile pistoni, akaizungusha kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza swali moja tu: ulikuwa unatoka mteremko? Nikanyamaza.

Washkaji wako wana ukweli kidogo lakini, nisiwaonee. Tu-stroki oili yake inakuja na petroli, ukifunga mafuta kwenye mteremko huku giya linaizungusha injini, petroli haiji na oili haiji. Kwa iyo siku nyingine ukishuka bana klachi, gusa mafuta kidogo kidogo njia nzima, na ukifika chini usiitandike hapo hapo, iachie nusu ya mafuta kwa dakika moja hivi mpaka joto lirudi.

Dawa yenyewe ni thamostati, na iwe ile yenye njia ya pembeni, maji yazunguke ndani ya injini tu mpaka yapate joto ndo iruhusu rejeta, zinazofunguka kwenye nyuzi 60 hadi 70 ndo nzuri kwa kazi hii. Usije ukachomeka thamostati tupu kwenye hosi bila hiyo njia ya pembeni, utakuwa umehamisha tatizo, maana ikifunguka inameza maji ya baridi ya rejeta yote kwa mkupuo. Rejeta zenyewe zizibie mbele theluji isiingie. Kulanti nusu kwa nusu na maji inakufikisha mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri kabla haijaganda, inakutosha. Na funga kipimo cha joto pale usukanini, cha bei rahisi tu, bila hicho unaendesha kwa kubahatisha.

Haya, jeti. Haikukuua safari hii lakini ilikuwa foleni. Watu wengi wanajua ukipanda mlima hewa inakuwa nyepesi na jeti inapunguzwa, ni kweli, ila wanasahau baridi inafanya kinyume chake. Boise iko kama mita 800 juu ya bahari, McCall kama 1,500. Kwa urefu peke yake umepoteza hewa, lakini umetoka joto la 35 ukaenda baridi ya 20 chini ya sifuri, ukipiga hesabu yote kwa pamoja hewa ya McCall siku ile ilikuwa nzito kama asilimia 12 kuliko ya Boise kiangazi. Umepanda mlima na hewa imeongezeka! Kabureta haijui habari hizo, yenyewe inaongeza petroli kidogo tu, kama nusu ya inavyotakiwa. Kwa hesabu tupu 170 yako inadai 175. Na hapo sijaweka uzito wa kazi, maana tairi kwenye lami linapumzika kila kona, ila mkanda kwenye theluji ya unga unaivuta injini masikio dakika nzima bila kupumua. Mi ningeanza na 180 halafu nishuke moja moja. Piga mlima mmoja mafuta yote, uzime hapo hapo huku umebana klachi, fungua plagi uangalie. Kahawia kama chai ya maziwa ni sawa. Nyeupe, rudi nyumbani.

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Anchorage, Alaska, nina pikipiki ya KTM 300 ya kabureta yenye mkanda. Asubuhi inavuta vizuri, nikizama kwenye theluji nyingi inakuwa kama imekabwa, resi hazipandi, nikitoka sehemu ngumu inarudi yenyewe. Nimebadilisha plagi mara tatu.

JIBU: Marahaba. Achana na plagi, inama uangalie eksozi. Lile tumbo la eksozi ya tu-stroki halijawekwa kwa urembo, wimbi la sauti linakwenda mpaka mwisho wa tumbo na kurudi kusukuma mchanganyiko uliotaka kutoroka urudi ndani ya silinda, na linatakiwa lifike kwa wakati wake. Sauti inakwenda haraka kwenye gesi ya moto na polepole kwenye gesi iliyopoa. Theluji ikilizika tumbo, gesi inapoa, wimbi linachelewa, ni kama eksozi yako imerefuka ghafla, kwa iyo resi za juu zinakufa. Lifunge kitambaa cha kuzuia joto au weka ngao ya bati upande unaopigwa na theluji. Ukishamaliza hilo kagua ereklina pia, sponji ikishika unga wa theluji na ukaganda, injini inakosa hewa na dalili zinafanana sana. Kuna vifuniko vya kitambaa maalumu vinavyopitisha hewa na kuzuia theluji.

Halafu wengi mmeniuliza oili, nijibu kwa mkato. Moja kwa 40 ni mililita 25 kwa lita ya petroli, moja kwa 32 ni kama 31. Kwenye mkanda mi natumia 32. Ila kumbuka ukiongeza oili, jeti ni ile ile, petroli inayopita imepungua, kwa iyo usifikiri unaongeza usalama bure, kagua tena jeti. Changanya ndani kwenye joto, uitikise, oili iliyoganda kama asali inakaa chini ya dumu. Na tafadhali tumia kopo lenye vipimo, ile ya kumimina oili ya 2T kwa macho tuliyofanya na misumeno huko nyumbani huku itakugharimu silinda.

SWALI: Fundi, mi niko Tanga. Nimeona video za hizo pikipiki, mkanda ule si ungefaa sana kwenye mchanga wa Pangani? Mjomba yuko Marekani anaweza kunitumia seti.

JIBU: Mwambie mjomba atume hela. Mkanda ule ndani yake unateleza juu ya reli mbili zilizovalishwa plastiki ngumu, na hiyo plastiki inapoozwa na kulainishwa na theluji yenyewe inayorushwa na mkanda. Hata huku tukipita barabara iliyokauka kwa kilomita chache tu tunaanza kunusa harufu ya plastiki inaungua. Kwenye mchanga wa moto wa Pangani utakula reli kabla hujafika kwa muuza madafu.