Mmebaki wawili una 7-7, unaitupaje kirahisi hivyo?

SWALI: Kaka shikamoo, niko Tabora, nacheza poka ya bila kikomo kwenye simu. Juzi kwenye shindano tumebaki wawili, blaindi (madau ya lazima kabla ya kuona karata) 500 na 1,000, mimi nina chipsi 14,000 jamaa ana 31,000. Niko batani (nafasi ya mgawaji, mkiwa wawili ndiye mwenye ile blaindi ya 500) nikapewa 7-7, nikajazia tu ifike 1,000 nione flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani, kwa bei rahisi. Ikaja K-9-4, jamaa akabeti 1,000, nikatupa, akafunua 10-6, hana kitu! Hizi pea za kati zinachezwaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, mwangaluka. Swali lako limenikuta barazani hapa Ujiji na pakiti ya karata na maharage kwenye sahani, maana kwetu maharage ndo chipsi, na wewe ukisikia chipsi usiwaze mayai.

Kosa sio pale ulipotupa tu, lilianza mapema, pale ulipojazia tu. Una blaindi kubwa 14 tu, na kwa rundo hilo saba mbili mkiwa wawili mimi nasukuma chipsi zote, sipepesi macho. Meza ya watu tisa 7-7 ni karata ya kuogopa ogopa kwa sababu kuna watu wanane wa kukuzidi, ila hapa kuna mmoja, na karata zake ni zozote zile alizopewa, ukiiweka pea yako dhidi ya mkono wowote tu (karata mbili za mtu) inashinda kama mara 66 kwa mia. Ukisukuma mara nyingi anakimbia unachukua blaindi, akilipa na A-K bado unaongoza kidogo, hamsini na ushee, akilipa na A-5 ndo unapanda karibu 70. Kibaya ni akiwa na pea kubwa, hapo umebaki na 20 hivi, lakini mtu kupewa pea yoyote ni mara moja kati ya 17, kwa hiyo huwezi kuishi na hofu hiyo. Na usiniambie ulikuwa unalinda nafasi, mkishabaki wawili zawadi ya pili tayari ni yako, mnagombea ile tofauti tu.

Sasa tuje kwenye flopu. Karata zinazoizidi saba ni nane mpaka A, jumla 28 kati ya 50 usizoziona, maana yake flopu 92 kati ya 100 zitakuwa na angalau moja kubwa kuliko yako. Kama kila ikitokea kubwa unatupa basi usicheze kabisa hizo pea, nenda kacheze lasti kadi. Na ukisema utulie mpaka ije saba ya tatu, hiyo inakuja mara moja katika flopu nane na nusu hivi, utasubiri kama sisi wa Kigoma tulivyozoea kukaa hapo stesheni kwenu mpaka mabehewa ya Mwanza yakatwe.

Nimeipanga hiyo K-9-4 yako hapa mkekani nikahesabu. Zimebaki karata 47, zinatoa mikono 1,081 ambayo jamaa angeweza kuwa nayo, na 820 kati ya hiyo haina K wala 9. Toa na pea kubwa chache zilizojificha humo, bado karibu robo tatu ya mikono yote unaipiga. Ni kweli akibeti hiyo hesabu inashuka maana amechagua kubeti, ila aliomba 1,000 ugombee 3,000, ukishinda mara moja kati ya nne tu umerudisha hela yako. Ule ulikuwa mkwara wa bei rahisi na wewe ukaununua 😅

Mambo yanabadilika rundo dogo kati yenu likiwa blaindi 40, 50. Hapo sisukumi, napandisha mara mbili na nusu ya blaindi kubwa, na kwa kuwa batani anaongea wa mwisho baada ya flopu basi unamwangalia kwanza yeye, akibeti nalipa mara moja, akipiga tena kwa nguvu kwenye karata ya nne na sio mtu wa mikwara natupa bila kinyongo, mzigo mdogo kwa pea ndogo. Ila huyu wako anayebeti na 10-6 halafu anakufunulia, huyo mlipe hata mara ya pili.